Kibali cha Kumlilia Gulshani

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Anayeijua anaijua, na asiyeijua ashukuru, aendelee na chai yake. Ilikuwa nchi nzuri tu, yenye misimu miwili ya mvua na mawaziri arobaini na saba, kila mmoja na kazi yake: huyu wa barabara, yule wa mashimo ya barabarani, huyu wa kuwakaribisha wageni, yule wa kuwauliza wageni wataondoka lini. Siku moja Rais akawahesabu jamaa zake, akakuta amebaki mmoja ambaye hajapewa wizara. Basi ikaundwa Wizara ya Mpangilio wa Watu, akapewa Mheshimiwa Tandaza.

Mheshimiwa Tandaza alikuwa mtu wa bidii, na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mvivu angekaa ofisini akasinzia, nchi ikapona. Yeye alizunguka nchi nzima na msafara wa magari kumi na moja, akasimama uwanjani, akasema:

"Wananchi! Nimewatazama nikasikitika. Mmechanganyika kama mchele uliomwagikia kwenye choroko! Huyu anakula kwa yule, yule anaoa kwa huyu, hata serikali inashindwa kujua imnyooshee nani kidole. Serikali yenu sikivu imeamua kuwachambua!"

Watu wakapiga makofi mengi sana. Jua lilikuwa kali, na makofi ndiyo yaliyokuwa yakimaliza hotuba upesi.

Kazi ya kuchambua ilipofika Mtaa wa Kisimani, Bi Siwatu alikuwa barazani anachagua mawe kwenye mchele. Mtaa wote ulimjua Bi Siwatu kwa kuosha maiti. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na mikono yake haikuwa na haraka hata kidogo. Wakaja maafisa watatu na kitabu cha rangi za ukuta, kile mafundi wanachowaonyesha wenye nyumba wachague. Wakambandika kitabu shavuni, wakafungua kurasa, wakafunga jicho moja, wakaandika: Mtama.

"Mtama ndiyo nini, wanangu?"

"Ndiyo wewe, Bibi. Kuanzia leo."

Mama Akeyo, mama mwenye sauti kubwa ambaye watu wake walitoka ziwani, akaandikwa Kahawa. Mzee Lekishon mchimba makaburi, ambaye watu wake walikuja zamani na ng'ombe, akaandikwa Tofali. Pacha wawili wa muuza mkaa wakaandikwa rangi mbili, kwa sababu mmoja alikuwa ametoka juani. Walipofika kwa Fundi Hemedi mshonaji, aliyezaliwa na ngozi nyeupe ilhali baba na mama ni weusi ti, walipekua kitabu hadi ukurasa wa mwisho, wakakuna vichwa, wakaandika: Ukuta Usiopakwa. Fundi Hemedi akaipokea karatasi yake, akaikunja vizuri, akarudi cherehanini. Hakushona kitu siku ile.

Mwisho wakafika kwa Gulshani. Huyu alikaa nyumba iliyopakana uani na ya Bi Siwatu. Babu zake waliletwa kwa meli kujenga reli. Reli ikaisha, wao wakabaki. Mume alikufa, watoto walivuka bahari, yeye akasema haendi kokote, sufuria zake ziko hapa. Alikuwa mrefu, hata mlango wa nyumba yake mwenyewe aliupita kwa kuinama. Wakamwandika Tangawizi.

"Mko wangapi Tangawizi, hapa wilayani?" akauliza Gulshani.

Afisa akatazama daftari. "Uko mmoja."

"Basi tukifanya mkutano hatutagombana."

Mtaa ukacheka mpaka maafisa nao wakacheka, halafu wakakumbuka wako kazini.

Na Mheshimiwa mwenyewe? Kitabu kilitafutwa chote na hapakuonekana rangi ya hadhi yake. Akachukua kifuniko cha kopo la biskuti za wageni, akakiweka kando ya uso wake mbele ya kioo, akatangaza kwamba yeye ni Dhahabu. Katika Dhahabu walikuwemo watu wawili, yeye na mama yake mzazi. Na mama mwenyewe, bibi wa watu, alimwambia mbele ya wapiga picha: "Tandaza, mimi dhahabu siioni hapo. Naona umepaka mafuta mengi."

*

Ikatoka Sheria ya Kila Rangi na Lake. Barabara zikachorwa mistari, kila rangi ipite pake. Kisimani palikuwa na njia nyembamba ya hatua nne, ikachorwa mistari mitano, watu wakawa wanatembea ubavu ubavu kama kaa. Watu waliyavumilia hayo. Kilichouma kilikuwa Kifungu cha Kumi na Nne, nacho kilisema hivi: maiti ataoshwa, atashonewa, atachimbiwa, atabebwa, atapikiwa na ataliliwa na watu wa rangi yake pekee. Atakayemfanyia maiti wa rangi nyingine lolote kati ya hayo bila kibali, jela miaka saba. Atakayemwamuru mwingine afanye, miaka kumi na minne.

"Na sheria hii haina mkubwa wala mdogo!" alinguruma Mheshimiwa. "Hata mimi mwenyewe nikiivunja, nifungwe!"

Mheshimiwa alisoma sana. Alikuwa na vyeti hata vya nchi zilizokwisha kufutwa kwenye ramani. Lakini hakuwahi kukaa kwenye msiba wa Kisimani. Angekaa, angejua kitu ambacho kila mtu wa pale alikijua tangu anabebwa mgongoni: hapakuwa na rangi hata moja iliyojua kuzika peke yake. Tangu enzi za mababu kazi ziligawanywa. Kuchimba ni kwa akina Lekishon, wao ndio walioujua ule udongo mwekundu unabomokea wapi. Sanda ni kwa Fundi Hemedi, na kabla yake baba yake. Kulia, yaani kulia kwa mpango, kumtaja marehemu jambo moja moja hadi hasimu wake naye anatafuta leso, ni kwa Mama Akeyo na wanawake wenzake wa ziwani. Kuosha ni kwa Bi Siwatu. Na wali wa msiba, ule wenye vitunguu vilivyokaangwa vikageuka rangi ya asali, ni wa Gulshani. Sufuria yenyewe ya msiba ilikaa uani kwa Bi Siwatu, kubwa kiasi cha mtu mzima kuogea ndani. Ukimwambia mtu wa ziwani achimbe kaburi, atakuchimbia shimo la kupandia mgomba. Ukimwambia Mzee Lekishon alie, atakohoa mara mbili, basi.

Bi Siwatu na Gulshani walikuwa na ahadi yao ya zamani, waliyoiweka wakimenya vitunguu.

"Shoga, ukitangulia nitakuosha mimi," alisema Bi Siwatu.

"Na ukitangulia wewe?"

"Utaniosha wewe. Ila kwanza ukate hizo kucha, usije ukanikwaruza."

Gulshani akaingia ndani akatoka na kichupa cha marashi ya waridi, kizibo hakijafunguliwa. "Mama alinipa siku ya harusi. Nikamtazama bwana harusi, nikaona, ah, bora niyaweke. Tutamfungulia atakayetangulia. Kaa nayo wewe, kwangu nitayapaka."

Ahadi hiyo ilikuwa na miaka arobaini na moja.

*

Gulshani alifariki Jumatatu asubuhi, ameketi kwenye kigoda chake, kisu mkononi, kitunguu kimemenywa nusu. Bi Siwatu alimkuta hivyo. Hakupiga kelele. Alirudi kwake kuchukua kichupa na kitambaa cha kuoshea, na alipotoka akakuta polisi wawili wameshasimama mlangoni kwa Gulshani.

"Rudi nyuma ya mstari, Bibi. Wewe ni Mtama."

"Huyu ni Gulshani."

"Huyu ni Tangawizi. Nenda kachukue kibali."

Ofisi ya vibali ilikuwa mjini, na karani wake watu walimwita Bwana Mhuri. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha sahauliwa. Alikuwa akipiga mhuri hata juu ya karatasi ya kufungia andazi. Akamtolea Bi Siwatu Fomu Namba Tisa, Maombi ya Kibali cha Kulia, ambayo ndiyo pia ya kuosha, kuchimba na kupika. Akaanza kumsomea.

"Rangi ya mwombaji?"

"Mtama, mlisema."

"Rangi ya marehemu?"

"Tangawizi, mlisema."

"Kiasi cha machozi kinachotarajiwa: kidogo, wastani au mengi?"

"Andika mengi."

"Uhusiano na marehemu. Mzazi, mtoto, mume, mke, mwajiri?"

"Shoga yangu."

"Hakuna kisanduku."

"Basi andika jirani."

"Hakuna kisanduku, Bibi."

"Mwanangu, nimekula naye miaka arobaini na moja."

"Kula si undugu," akasema Bwana Mhuri, akapiga mhuri: IMEKATALIWA. "Hata mbwa hula. Anayefuata!"

Bi Siwatu akaichukua ile fomu, akaipulizia wino ukauke, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Na lile neno nalo akalichukua, akaliweka mahali pake.

Kwa kuwa Tangawizi hawakuwapo wa kumzika Tangawizi, Serikali ilitimiza wajibu, kama sheria ilivyoruhusu kwa rangi isiyobakiwa na mtu hata mmoja. Ilileta mashine ya kuchimbia mitaro. Ilileta mkokoteni. Ilileta kipaza sauti juu ya gari, chenye Kilio Rasmi cha Serikali cha dakika tatu, kilichorekodiwa na bendi ya magereza. Dakika ya kwanza ikaenda vizuri. Dakika ya pili kanda ikakwama, kipaza sauti kikaanza kutangaza dawa ya kuulia wadudu wa mahindi.

Lakini kaburi ndilo lililowafanya watu walioshika mstari waume vidole. Wizara ilikuwa na vipimo vya kaburi kwa kila rangi, na vipimo vya Tangawizi walivitoa kwenye picha ya kitambulisho cha Gulshani. Picha ya kitambulisho inaishia mabegani. Likachimbwa kaburi fupi, na Gulshani hakuenea. Wafanyakazi wakatazama karatasi, karatasi ikasema kaburi ni sahihi. Basi wakamkunja magoti, wakamfukia.

Bi Siwatu alisimama nyuma ya mstari wake, kichupa mkononi, akaona yote, mpaka beleshi la mwisho.

*

"Tukaichome hiyo ofisi!" alipiga kelele Mama Akeyo siku ile ile, uani. "Mimi na dada zangu tu tunatosha. Nyinyi leteni viberiti!"

"Nitaleta na petroli," akasema Fundi Hemedi, ambaye kwa kawaida hakuongea.

"Keti, Mama Akeyo," akasema Bi Siwatu. "Ukichoma ofisi watajenga nyingine, tena ya ghorofa. Sisi tutaitii sheria yao."

"Tuitii?"

"Tuitii vizuri. Tuitii mpaka iombe maji."

Mzee Lekishon akaegemea fimbo yake, akamtazama. Alimjua Bi Siwatu miaka mingi, na hakuwahi kumwona na macho yale. "Unangoja nini, mama?"

"Namngoja mama wa mtu," akasema Bi Siwatu. "Simwombei kufa, Mungu ananiona. Lakini ana miaka tisini na mitatu."

Akaichukua sufuria ya msiba, wakamsaidia wanne, wakaigeuza mdomo chini. Akasema haitageuzwa mpaka Gulshani aliliwe. Wakaahidiana hapo, Mtama na Kahawa na Tofali na Ukuta Usiopakwa, kila mmoja akaigonga sufuria kwa kidole, ikalia ngo.

*

Siku ya thelathini na tisa tangu Gulshani afukiwe, mama wa Mheshimiwa akafariki. Alikuwa ameacha wosia azikwe Kisimani alikozaliwa, na mwanawe alishamjengea huko Makaburi ya Dhahabu, uwanja mzima wenye ukuta na lango, wa watu wawili.

Msafara ukaingia asubuhi, magari kumi na moja na jeneza la vioo. Mheshimiwa akashuka na miwani myeusi, akamwamuru kapteni wa askari: "Chimbeni!"

Kapteni akapiga saluti mpaka kofia ikayumba. "Mheshimiwa, mimi ni Tofali. Miaka saba."

"Nakuamuru!"

"Hapo ni wewe, Mheshimiwa. Miaka kumi na minne."

Akampigia simu Rais. Rais alikuwa ng'ambo anatibiwa kidole cha mguu. Akampigia Waziri wa Mashimo ya Barabarani, maana kuchimba kunamhusu. Yule akajibu kwa huzuni kubwa: "Pole sana, ndugu yangu. Sheria yako nimeisoma mara mbili, ni sheria nzuri mno. Nimekutumia wapiga picha, ili taifa lione waziri anavyotii." Wapiga picha walikuwa wameshafika. Mawaziri arobaini na saba walikuwa wakikaa macho kama paka, wakimsubiri ateleze.

Akauliza kama kuna Kilio Rasmi cha Dhahabu. Wakamwambia bajeti haikufika huko.

Mtaa wa Kisimani ulikuwa umetoka wote. Waliketi barabarani mbele ya lango, kila rangi kwenye mkeka wake na mstari wake, bila kukanyagiana hata kidole. Walikuwa kimya. Katikati palikuwa na sufuria, mdomo chini. Bi Siwatu alikaa mkeka wa mbele, amejifunga kanga nyeusi, mikono magotini.

Mheshimiwa akavua koti. Akashika jembe. Kufikia adhuhuri shimo lilikuwa limefika ugoko na viganja vimetoka malengelenge. Mzee Lekishon, nyuma ya mstari, alikuwa akimtazama kwa masikitiko ya fundi.

"Hapo kulia patabomoka, Mheshimiwa. Mimi simo, nasema tu."

Pakabomoka.

"Nilisema."

Ndipo Mheshimiwa akakumbuka kazi aliyoisomea, akaamua kuwachambua. Akamtuma Bwana Mhuri na barua tatu. Ya kwanza akapewa Mzee Lekishon: akichimba kwa siri nyuma ya ukuta, watu wake wote watapandishwa kuwa Dhahabu Nyepesi. Mzee akaitazama barua juu chini. "Mwambie nilimwona Gulshani akikunjwa. Tangu siku ile mgongo wangu unauma, siwezi kuinama."

Ya pili akapewa Mama Akeyo. Yeye hata hakuifungua. "Anataka nimlilie? Nilikuwa na machozi ya shoga yetu, mkaniambia hayana kibali. Yamekauka, bwana. Mwambie apige kanda ya dawa ya mahindi!"

Ya tatu ilikuwa ya Fundi Hemedi, na hapo mikeka yote ikageuka kumtazama, kwa sababu barua yake ilikuwa na utamu kuliko zote. Iliahidi kwamba jina la Ukuta Usiopakwa litafutwa, achague rangi aitakayo mwenyewe. Fundi Hemedi akaisoma mara moja. Akaisoma tena. Mtu huyu tangu utotoni watu walimtazama kana kwamba amesahauliwa kitu. Bi Siwatu aliinamia mikono yake mwenyewe.

Fundi Hemedi akaivua kofia yake pana ya jua, akaigeuza geuza.

"Hii alinipa Gulshani," akasema. "Kila mwaka mpya alinipa moja, akaniambia, mwanangu, jua halina adabu. Nyinyi mmeniita ukuta miezi minne. Haya, mwambieni ukuta umekataa kusogea."

Akaivaa kofia, akairudisha barua. Kwenye mkeka wa Kahawa mtu mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Msiba ule haukuwa wao.

*

Kesho yake ikawa arobaini ya Gulshani. Asubuhi, jua likiwa limeanza kuuma, Mheshimiwa Tandaza alitoka langoni kwa miguu. Suti imekuwa rangi ya Tofali, miwani imepotea shimoni. Akaja hadi kwenye mstari wa Mtama, akasimama.

"Bibi."

"Labeka, Mheshimiwa. Usikanyage mstari."

Akarudisha mguu. "Bibi, naambiwa wewe ndiye unayeosha. Mama yangu... Bibi, leo ni siku ya pili. Na jua hili."

"Najua jua lilivyo. Hata ile Jumatatu lilikuwa kali."

Akafungua pindo la kanga, akatoa Fomu Namba Tisa, imechakaa kwenye mikunjo. Bi Siwatu alisoma darasa tatu tu, basi alisoma polepole, akiufuata mstari kwa kidole, na Mheshimiwa akamngoja.

"Rangi ya mwombaji?"

"Bibi, tafadhali."

"Rangi ya mwombaji?"

"Dhahabu."

"Sema kwa nguvu, wapiga picha wako mbali."

"Dhahabu!"

"Kiasi cha machozi kinachotarajiwa?"

Mheshimiwa akafuta uso na kiganja chenye malengelenge. "Mengi."

"Hata mimi niliandika mengi. Uhusiano na marehemu?"

"Mtoto wake."

"Kisanduku kipo. Lia basi, hakuna aliyekukataza. Nani mwingine unataka amlilie?"

Akatazama mikeka mitano. Watu mia tatu walimtazama, na hapakuwa na hata mmoja aliyepepesa jicho. "Hakuna kisanduku chao," akasema.

"Hakuna," akakubali Bi Siwatu. "Nani alikichora hiki kikaratasi?"

"Mimi."

"Kalamu unayo?"

Akapiga magoti vumbini, akamgeuza Bwana Mhuri mgongo uwe meza, akachora kisanduku kwa mkono wake na kuandika pembeni: Rafiki au jirani. Akapiga mhuri wa Wizara, akatia sahihi. Kwa sheria aliyoitunga yeye, mhuri wa Waziri ulikuwa na nguvu papo hapo, nchi nzima.

"Umeandika vizuri," akasema Bi Siwatu. "Sasa jaza na ya kwako. Leo ni arobaini ya Gulshani, nawe utahudhuria. Hapo kwenye jina la marehemu andika: wote wa Kisimani, waliokufa na watakaokufa."

Aliandika. Wakati ule angeandika hata kwamba yeye ni mbuzi. Hakukumbuka maneno madogo yaliyo chini ya fomu, aliyoyatunga mwenyewe siku moja akiwa na furaha: aliyejaza kulia na asihudhurie, au akahudhuria bila kufanya kazi, jela miaka sita.

Bi Siwatu alikuwa ameyasoma. Alikuwa na siku arobaini za kuyasoma, herufi moja moja.

Wakajaza wote. Mtama kwa Tangawizi, Kahawa kwa Mtama, Tofali kwa Kahawa. Kapteni wa askari naye akaomba kalamu. Kufikia saa nne kila mtu alikuwa rafiki au jirani wa kila mtu kwa mhuri wa Serikali, na mistari ya barabarani ikabaki michoro tu. Wakaishika sufuria watu kumi, wa kila mkeka, wakaigeuza mdomo juu.

"Twendeni kwa mama yangu," akasema Mheshimiwa.

"Kuna aliyetangulia," akasema Bi Siwatu.

Wakaenda kwanza kwa Gulshani, na Mheshimiwa alibeba kuni kichwani. Mama Akeyo akafungua kinywa, na yale aliyosema yamekauka yakatoka yote. Alimtaja Gulshani kuanzia kimo chake mpaka kigoda chake, hata askari wakashusha bunduki. Bi Siwatu akainama kwenye lile kaburi fupi, akapapasa udongo akatafuta mahali yalipo magoti. Akakizibua kichupa. Akamwaga hapo, tone kwa tone, mpaka kikaisha.

Halafu, alasiri, wakamzika mama wa Mheshimiwa. Mzee Lekishon alichimba upya, kaburi refu lililonyooka. Fundi Hemedi alishona. Bi Siwatu alimwosha yule bibi kwa mikono yake isiyo na haraka, akamkausha hadi katikati ya vidole, kwa sababu yeye hakuwa na kosa. Marashi hakumtia. Mheshimiwa alipouliza, akamwambia: "Yalikuwa na mwenyewe."

Wali ukaiva. Bwana Mhuri akapanga foleni na sahani yake. Ilipofika zamu yake, Bi Siwatu akaushikilia upawa hewani.

"Wewe subiri, mwanangu. Hapa wanakula ndugu."

Alisubiri na sahani yake mpaka sufuria ikakwanguliwa ukoko.

*

Rais aliporudi, kidole kimepona, alikuta Wizara ya Mpangilio wa Watu haina tena wa kumpanga. Akaifuta, akaunda nyingine ya kuchunguza kwa nini ile ilifutwa. Akaifuta na Sheria ya Kila Rangi na Lake. Ila fomu hazikufutwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka, na mawaziri arobaini na saba hawakuwa na haraka ya kumkumbusha.

Ndiyo maana ukifika Kisimani siku ya msiba, utamwona uani bwana mmoja wa makamo ameketi kwenye kigoda, magunia mawili ya vitunguu mbele yake, anamenya. Kapteni husimama karibu na nakala ya fomu, kuhakikisha. Msiba wa Kahawa yupo, wa Tofali yupo, wa wageni waliofia njiani yupo. Macho yake ni mekundu mwaka mzima.

Majuzi, msiba wa arobaini na mbili, aliweka kisu chini.

"Bibi Siwatu," akasema, "nimeomba radhi mbele ya mtaa. Nimeomba radhi redioni. Nimenyang'anywa magari. Nitamenya mpaka lini?"

Bi Siwatu alikuwa akikoroga. Hakugeuka upesi.

"Shoga yangu bado amekunja magoti kule," akasema. "Siku atakaponyoosha miguu, uje unikumbushe."

Kisha akamwita Mama Akeyo, amsogezee gunia la tatu.